Mtu akisoma, akikua mu kazi, ninyi shefu na kolega munamufanyia nini? (uzi murefu)

fundi_pompi (Lubumbashi)

Jambo yenu wote. Huu uzi utakuwa murefu, munisamehe, lakini naomba majibu ya kweli juu hii jambo inanisumbua tangu mwezi wa tatu.

Mi niko shefu wa ekipi mu ateliye moja hapa L'shi, tunatengeneza pompi na motere za kampuni za migodi, tuko kampuni ndogo ya kuchukua kazi za wakubwa, watu 14 kwa jumla, mekanisie, ba sudere (wa kuunga vyuma), fundi umeme wawili na vijana wa kusaidia. Kati ya wale vijana kulikuwa mmoja, jina lake sitaliweka hapa, aliingia kama manevri, kazi yake ilikuwa kuosha mapiesi (vipuri) na mazuti na kubeba vyuma. Mwaka jana akaniomba ruhusa atoke kabla ya wengine kwa saa moja na nusu, siku tatu kwa wiki, anaenda kusoma umeme wa viwanda jioni. Nikasema sawa, nikasaini, ikaishia pale. Sikumuuliza anataka kufika wapi, sikumuuliza nani anamulipia. Miezi munane alikuwa anatoka kazini mpaka ku masomo kwa mguu juu makuta (pesa) ya taksibisi njo yalikuwa yanalipa masomo, na hiyo nimeijua nyuma, yeye ameshaondoka.

Siku alimaliza alileta fotokopi ya cheti akaiweka juu ya meza yangu. Nilikuwa ku simu na mteja wa Likasi, pompi yake ilikuwa imechelewa na alikuwa anapiga kelele, nikamutikisia kijana kichwa tu, nikamugeuzia mgongo ili nisikie vizuri. Karatasi ikabaki pale. Kesho yake asubuhi niliweka kikombe cha chai juu yake. Alipita akaona kikombe, mi nilimuona anaona, akaenda ku mapiesi yake kuosha kama kila siku. Miezi tatu nyuma ya pale akaniletea mukanda (barua) wa kuacha kazi, amepata nafasi Kolwezi, fundi umeme. Na mujue mu ile miezi tatu sisi tulikuwa tunatafuta fundi umeme, tulikuwa tunamuita wa inje na kumulipa kwa siku.

Nimejiuliza sana. Si kwamba hatujui kupongeza watu. Kila tarehe 1 ya mwezi wa tano mwenye miaka kumi anapata brevet (cheti cha sifa), mufuko wa unga na lita tano za mafuta, tunavaa wote tishati moja, tunapiga picha. Tunaheshimu miaka mtu amekaa. Yule anayejipangia kitu na kukifikia katikati ya mwaka, anakipata pekee na anakifurahia pekee kwake ku nyumba.

Kwenu munafanya namna gani? Bajeti sina, nawaambia mbele.

mwana_katuba

Yaya, nimesoma yote. Nitakuambia kile vijana wenyewe hawawezi kukuambia. Mu hii mji ukimwambia shefu "nataka siku moja niwe shefu wa ateliye", yeye anasikia "nataka kiti chako". Mi nilisema vile kwa shefu wangu wa kwanza, nilikuwa na miaka 24, nilifikiri atafurahi. Kuanzia ile wiki nikawa mtu wa zamu ya usiku, kila jumamosi mi, kila kazi ya matope mi. Nilijifunza kunyamaza. Sasa nasoma kwa siri, hata kolega hawajui, siku nitapata cheti nitakitafutia kazi mahali pengine.

Kwa hiyo usione kijana alikuficha juu hakuamini wewe. Alikuwa amekuja hata na karatasi mkononi, huyo alikuwa na moyo kuliko mi.

Na jambo la pili, makofi bila makuta watu wanayachoka haraka. Mukipiga makofi leo, kesho na kesho kutwa, na karatasi ya mshahara iko ile ile, ile makofi inaanza kuuma.

fundi_pompi

mwana_katuba aksanti, hii ya kiti imenigonga. Sikufikiria kwamba hata swali langu linaweza kumuogopesha mtu. Ya makuta nakubali pia, lakini mi sina kalamu ya mshahara, niko na kalamu ya ruhusa na ya zamu tu, njo juu yake nauliza.

binti_wa_camp

Mi nitasema ya baba yangu juu nadhani ninyi vijana munasahau kitu kimoja.

Baba alifanya kazi mu shirika kubwa la migodi, Gécamines, munalijua, kila mtu wa hapa ana mtu wake aliyepita mule. Aliingia bila kazi ya mikono. Sisi watoto tulikuwa tunajua kategori yake (ngazi ya kazi) kama tunavyojua darasa letu la masomo. Akipanda, mama alikuwa anatuambia mezani mbele ya bukari (ugali) haijagawanywa, "baba yenu amepanda", na hapo hatuna haja ya kuuliza amepanda nini. Kupanda kulionekana: nyumba inaweza kubadilika, mshahara unabadilika, jirani anapita kusalimia. Kulikuwa na mtihani, kulikuwa na mafunzo ndani ya kazi, na mtu alijua kama mwaka ujao nikifaulu hiki, naenda pale. Njia ilikuwa imeandikwa. Hata mtu asiyesoma sana aliweza kuhesabu ngazi na vidole.

Kisha munajua vile ilikuja kuwa. Mgodi wa Kamoto ulibomoka 1990, uzalishaji ukaanguka, na 2003 watu zaidi ya elfu kumi wakatoka mu ile operesheni ya kuondoka kwa hiari. Kile nataka kusema ni hiki: baba alipotoka alibeba vitu viwili mu bahasha, hesabu yake ya mwisho na mukanda wa siku alipanda kuwa metriz (msimamizi). Ile ya pesa iliisha. Ule mukanda uko mu salo mpaka leo, mu kioo, na wageni wakija yeye mwenyewe anausoma kwa sauti, ana miaka 78.

Kwa hiyo mwana_katuba, makuta ndiyo, lakini andikeni. Neno la kinywa shefu akihama linahama naye.

niko_rh

Nafanya kazi mu biro ya RH, ya mambo ya wafanyakazi (si L'shi ya katikati, ku migodi) na nimefurahi kuona uzi wa namna hii juu kwa kawaida sisi tunaitwa tu siku ya ugomvi.

fundi_pompi unasema bajeti huna. Hapana, patron wako (mwenye kampuni) anayo tayari, analipa kila mwezi na pengine hajui inatumika wapi. INPP, ile taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, iko tangu 1964 na kila mwajiri anachangia asilimia ya mishahara, kwa kampuni binafsi ni kati ya 1 na 3 kufuatana na hesabu ya wafanyakazi, na kampuni ndogo kama yenu njo ziko ku 3. Sasa mchango unaenda, na hakuna anayepeleka mtu kusoma! Mwambie mtu wenu wa hesabu akuonyeshe malipo, halafu muende kuuliza kule INPP ni mafunzo gani watu wenu wanaweza kufuata kutokana na huo mchango. Na sheria ya kazi (code du travail) ya 2002 ina sehemu yake juu ya mafunzo, mwajiri anapaswa kumsaidia mfanyakazi kukua mu kazi yake, haiko zawadi ya mwenye huruma.

Pili, kategori. Manevri wa kawaida, travayere spesialize, semi-kalifie, kalifie, otema kalifie, halafu metriz. Kijana aliyeosha mapiesi na cheti cha umeme mkononi, ulipaswa kuandika mukanda wa mistari mitano kwa direksio: huyu amesoma hiki, tangu tarehe fulani anaweza kufanya hiki na hiki, naomba ajaribiwe miezi mitatu mu nafasi ya fundi umeme, akifaulu kategori ibadilike. Wangeweza kukataa. Lakini kijana angeona kopi yenye sinyature yako, na naamini hata wakikataa angebaki mwaka mmoja zaidi. Nimeona watu wanabaki kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Tatu, juu ya kujipangia malengo, hapa watu wanakosea sana. Shefu anaandika mu fomu ya mwisho wa mwaka "ajitahidi zaidi". Hilo halimpeleki mtu mahali. Kuna utafiti mmoja napenda kuwaelezea ba shefu wa kamyo, wa 1975, Marekani, mu jimbo la Oklahoma. Mtafiti Gary Latham na mwenzake walifuata madereva wa kubeba magogo. Kamyo zilikuwa zinatoka porini zimejaa karibu asilimia 60 ya uzito sheria inaruhusu, na madereva walikuwa wameambiwa muda wote wajitahidi. Wakawapa namba moja wazi, 94 kwa mia, na wakawaahidi kwamba asiyefika hataadhibiwa. Kupanda kulikuwa na mabonde yake, mwezi wa pili walirudi chini kidogo, nadhani walikuwa wanapima kama ile ahadi ya kutoadhibiwa ni ya kweli, halafu wakapita 90 na kukaa pale. Malipo ya ziada hayakuwepo, walikuwa wanapongezwa kwa kinywa tu. Nikiona misururu ya kamyo ku mpaka wa Kasumbalesa nakumbuka ule utafiti kila mara.

Kwa hiyo usimuulize mtu "unataka kukua?" Kila mtu atasema ndiyo. Muulize: kufikia mwezi gani utaweza kufungua hii pompi, kubadilisha beringi na kuifunga pekee yako bila kumuita mtu? Hapo mtu anajua siku amefika na wewe unajua siku ya kusema pongezi, na inakuwa pongezi ya kitu.

Onyo moja: malengo ya kukua usiyafunge moja kwa moja na primi (malipo ya ziada). Nimeona ekipi nzima inaandika malengo madogo madogo juu kila mtu anaogopa kukosa primi yake. Primi iwe ya uzalishaji, kukua kuwe na kategori.

mama_stoki

Niko magazinie, stoki ya vipuri, wanaume 30 na wanamuke wawili.

Kila tarehe 8 ya mwezi wa tatu, siku ya wanamuke, tunapewa kitenge. Niko na vitenge saba, vyote nimevishona, ninavivaa, sina ubaya navyo na nawashukuru. Lakini mi kile niliomba tangu mwaka wa kwanza ni kujifunza kuendesha ile mashine ya kuinua mapaleti, juu kila siku namsubiri dereva saa nzima, mapaleti ya filtri yako chini na ba shofere wanakasirika. Niliomba kwa kinywa mara ya kwanza, wakacheka, si vibaya, walicheka kama wanacheka na mtoto. Mwaka wa tatu nikaandika mukanda. Kuliingia shefu mpya, mzee mmoja mpole, akausoma ule mukanda mbele yangu mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "mama, unaona mbali vizuri?" juu mi navaa miwani. Nikasema naona. Akanipanga na dereva kila siku dakika ishirini mbele ya kazi, wiki sita, halafu wakanifanyia jaribio na mtu wa usalama.

Siku nilifaulu yule mzee hakufanya karamu. Asubuhi mu kile kikao cha usalama cha dakika tano alisema, "kuanzia leo, paleti ya stoki ikitaka kushuka, musimutafute dereva, mutamuita mama." Basi. Wote wakageuka kuniangalia. Nimeolewa, nimezaa watoto wanne, nimesimamia matanga ya wazazi wangu wawili, na bado ile asubuhi iko kati ya siku zangu kubwa. fundi_pompi, sikia mi nakuambia, mtu anataka aliyepaswa kuona aone, halafu kazi ya kesho ibadilike juu ya kile ameona.

mwana_katuba

mama_stoki umenimaliza. Ile "mutamuita mama" ina uzito kuliko brevet kumi. Narudisha kidogo yale nilisema juu ya makofi, maana yule mzee hakukupigia makofi, alikupa kazi.

kalkula_goma

Habari zenu wa Katanga, niko Goma, mhasibu. Kwetu mambo ni mengine na nataka nichangie kwa upande huo.

Kazi nyingi za hapa zilikuwa za mashirika ya misaada. Fomu za malengo tulikuwa nazo nzuri kuliko zenu, kurasa nne, kila mwaka unajaza unataka kujifunza nini, shefu anasaini, inaingia kwenye faili. Tatizo ni kontra, miezi sita, mradi ukiisha malengo yako yanaisha nao, shefu mpya anakuja na fomu mpya na anakuuliza tena mwanzo kana kwamba umezaliwa jana. Halafu tangu Januari 2025, M23 walipochukua mji, munajua hali yetu, mabenki yalifunga, mashirika mengi yamepunguza watu, wengi wetu tuko nyumbani au tunafanya vibarua. Hakuna RH wa kumwandikia mukanda.

Sisi kolega sita tuliokuwa biro moja tulikuwa na likelemba (mchango wa zamu) ya kawaida, kila mwezi mmoja anabeba. Tukaongeza kitu: anayebeba anasema mbele ya wengine sehemu gani ya ile pesa inaenda kwenye kujifunza, na mwezi unaofuata anatuonyesha. Mmoja alilipa Kiingereza, mwingine programu ya hesabu, mwingine alinunua tu komputa kuukuu na tukakubali, juu bila komputa utajifunza nini. Kazi ilipoisha biro ikafungwa lakini ile likelemba haikufungwa. Tunakutana nyumbani kwa mmoja wetu Himbi, na anayemaliza kitu tunamwandikia barua, ndiyo sisi wenyewe, barua inayosema amejifunza nini na tumemuona akifanya nini, na sita tunasaini na namba zetu za simu. Mmoja aliibeba kwenye mahojiano ya kazi Bukavu na waliopokea walitupigia kweli, mmoja mmoja.

Sisemi ni sawa na kategori. Ila ushahidi wa wenzako una thamani, na hauhitaji patron.

fundi_pompi (nimerudi, wiki saba zimepita)

Wandugu, niliahidi moyoni kwamba sitaandika tena mpaka niwe nimefanya kitu.

Nilianza na ile ya mwana_katuba, hofu ya kiti. Niliita kila mtu pekee yake, nyuma ya ateliye ku konteneri ya mapiesi, dakika ishirini, na kila mara nilianza mimi: "mi nataka kufikia mwezi wa kumi na mbili niwe naweza kulinganisha shafti na ile mashine ya laza bila kumuita fundi wa inje, juu mpaka leo siwezi, nanyamaza tu wakija." Wengi hawakujua kama siwezi. Hapo njo midomo ilifunguka. Saba walisema "shefu sijui, nitafikiri", na nikawaacha wafikiri.

Wa mwisho alikuwa sudere wetu mzee, yule wote tunamuita Papa, mikono yake inaunga chuma mpaka hauoni mahali pameungwa. Nilikuwa naogopa kumuuliza, nikaona kama ni kumkosea heshima, mtu wa umri wa baba yangu nimuulize unataka kukua namna gani. Alinyamaza muda. Halafu akasema hajui kusoma plani. Miaka yote anangoja mwingine aangalie mchoro aseme vipimo, yeye anachukua kwa masikio na kuviweka mu kichwa. Akasema, "hakuna aliyeniuliza, na mi sikutaka mtu ajue." Anataka asome plani mbele ya kwenda ku pensheni. Nilitoka pale nikakaa mu gari kidogo.

Sasa kila jumamosi saa mbili mpaka saa nne fundi kijana anamfundisha, mlango umefungwa, kama alivyoomba. Wiki iliyopita Papa mwenyewe alinipa ruhusa niseme mu kikao cha asubuhi. Nilifanya kama yule mzee wa mama_stoki, nikampa mchoro wa fremu ya pompi mbele ya wote nikasema, "Papa atagawa kazi leo." Akaushika, akavaa miwani, akasoma vipimo vyote, kimoja alirudia. Na fundi aliyemfundisha nilimwandikia mukanda ku direksio, kwamba anaweza kufundisha, tarehe na kila kitu.

Ku patron si vyote vimepita. Niliomba watu wawili wabadilishwe kategori, amekubali mmoja, wa pili amesema tungoje mwaka ujao. Nilimwonyesha huyo wa pili kopi ya mukanda nilioandika na jibu lililokuja. Alikasirika, lakini si kwangu. Juu ya INPP niko_rh ulisema kweli, malipo yako, kila mwezi, mtu wa hesabu alinionyesha. Watu wawili wataanza kufuata mafunzo pale wakishapata nafasi, nafuatilia.

Na jumapili nilimpigia yule kijana wa Kolwezi. Nilimwambia nilikosa, na nikamwambia kosa lenyewe, chai na yote. Alinyamaza, nikasikia tu wadogo wanacheza upande wake. Nikamuomba anitumie picha ya cheti, juu ukweli ni kwamba sikukisoma hata siku moja. Akauliza, "shefu, cha nini sasa?" Nikasema nataka kukisoma.

Alikituma usiku. Motere na komandi za umeme, nota ya kwanza mu darasa lao. Chini kabisa kuna mstari wa "mwajiri", na pale ameandika jina la ateliye yetu.

mama_stoki

Nimesoma mpaka pale nikaweka simu chini. Papa akisoma plani ya pili bila kurudia utuambie.